Aprili 2017, Siku kwa Siku: Safari ya Darubini Nane Kuelekea Kitovu cha Njia Nyeupe

Jumatatu, Aprili 3

Safari inaanzia kwenye urefu wa wimbi wa milimita 3.5. Leo vituo 13 vya darubini za redio, ALMA ya jangwa la Atacama huko Chile ikiwemo, vimeelekezwa kwenye Sagittarius A*, nukta inayotoa mawimbi ya redio iliyoko katikati kabisa ya galaksi yetu, umbali wa takriban miaka-nuru 27,000. Nukta hiyo iligunduliwa Februari 1974 na Bruce Balick na Robert Brown kwa darubini za Green Bank, Marekani. Kinachoshikilia nyota za hapo ni shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara milioni 4.

Ukitazama kundinyota la Mshale kwa macho, kitovu hukioni, kwa kuwa vumbi lililotanda njiani limezuia karibu mwanga wote. Mawimbi ya redio hupenya. Lakini redio nayo ina kizuizi chake: gesi yenye chaji iliyoko kati yetu na kitovu huyatawanya mawimbi, nukta ikaonekana pana kuliko ilivyo. Utawanyaji huo hukua kwa mraba wa urefu wa wimbi. Ukishuka kutoka sentimita 21 hadi milimita 1.3, urefu wa wimbi umepungua mara 160 hivi, na ukungu umepungua zaidi ya mara 25,000. Kwa sababu hiyo kivuli cha shimo jeusi, yaani doa la giza katikati ya gesi inayong'aa, hakiwezi kupigwa picha kwa sentimita 21, hata dishi liwe kubwa namna gani.

Vipimo vya leo vitakuja kuonyesha kwamba, ukungu ukishaondolewa, chanzo kina upana wa mikrosekunde za tao 120 hivi kwa milimita 3.5. Nyuzi moja ina sekunde za tao 3,600, na mikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde moja ya tao. Ni kidogo mno, lakini duara linalotafutwa, la mwanga unaozunguka kivuli hicho, halifiki nusu ya hapo. Inabidi kushuka hadi milimita 1.3, yaani masafa ya gigahezi 230 hivi, na huko ndiko mtandao wa Event Horizon Telescope (EHT) unakoelekea wiki hii.

Jumanne, Aprili 4

Vituo ni vinane, katika sehemu sita za dunia. ALMA na APEX ziko Chile, kwenye uwanda wa mita 5,000. JCMT na SMA ziko kileleni Mauna Kea, Hawaii. LMT iko juu ya volkano ya Sierra Negra nchini Mexico, mita 4,600. SMT iko Arizona. Darubini ya mita 30 ya IRAM iko Pico Veleta, kusini mwa Hispania. SPT iko kwenye Ncha ya Kusini yenyewe. Zote ziko juu au penye baridi kali kwa sababu moja: mvuke wa maji hunyonya mawimbi ya milimita 1.3, na mvuke mwingi umekaa chini.

Hakuna waya unaoziunganisha. Kila kituo kinanasa mawimbi peke yake, kinayaandika kwenye diski pamoja na muda, na ulinganishaji hufanyika miezi baadaye. Kwa hiyo saa ndiyo roho ya kazi yote. Kwenye gigahezi 230, wimbi moja zima hupita kwa pikosekunde 4.3. Saa ya GPS hukosea kwa nanosekunde kadhaa, maana yake mawimbi elfu na zaidi. Hiyo inafaa tu kuonyesha pa kuanzia kutafuta. Kinachotumika ni saa ya atomi ya hidrojeni, ambayo hutoa mpigo wa megahezi 10, na mpigo huo ndio unaoendesha kipokezi na mitambo ya kidijiti. Chumba chake kisibadilike joto na kebo zake zisiguswe. Kila siku tofauti kati yake na GPS huandikwa kwenye daftari la kituo, kwa kuwa bila namba hiyo mlinganishaji atatafuta gizani.

Kabla dirisha la kunasa halijafunguka, mnyororo wote hujaribiwa kwa kuingiza toni safi mbele ya kipokezi na kuiangalia inavyotoka upande wa pili. Toni ikitulia, mambo yamefunga. Ikitetemeka au kupanuka, kuna kifaa kimoja ambacho hakijajifunga kwenye saa, na data yote ya usiku huo itakuwa kelele tupu ingawa mishale yote kituoni inaonyesha afya. Hilo ndilo linalotisha katika kazi hii: makosa mengi hayajionyeshi papo hapo. Mfano mwingine ni bamba la robo-wimbi linalowekwa mbele ya kipokezi ili kutenganisha mawimbi yanayozunguka kulia na yanayozunguka kushoto. Likigeuzwa nyuzi 90, kulia kunakuwa kushoto, na hakuna atakayejua hadi ulinganishaji uanze. ALMA yenyewe hunasa kwa mkao wa mstari, yaani wimbi likitikisika wima au mlalo, kwa hiyo data yake hubadilishwa kwa programu baadaye ili ioane na ya wenzake.

Uandishi: mikanda miwili ya masafa yenye upana wa gigahezi 2 kila mmoja, mmoja katikati yake ni gigahezi 227.1 na mwingine 229.1, kwa mikao miwili ya mawimbi, kila sampuli biti 2. Jumla ni gigabiti 32 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 4 kila sekunde, terabaiti 14.4 kwa saa moja ya kunasa mfululizo. JCMT hunasa mkao mmoja tu, kwa hiyo nusu ya hapo. Biti 2 zinatosha, kwa sababu karibu kila kinachonaswa ni kelele ya anga na ya kipokezi. Ishara ya kitovu imezama ndani yake na hujitokeza tu wakati data za vituo viwili zinapozidishwa na kujumlishwa. Gigabiti za ziada zina faida kubwa zikitumika kupanua mkanda kuliko kuongeza biti za sampuli.

Diski zimepangwa nane nane katika moduli, na zimejazwa heliamu na kuzibwa kabisa. Diski ya kawaida hutegemea hewa kuinua kichwa chake cha kusomea, na kwenye mita 4,000 na zaidi hewa hiyo haitoshi, kichwa hukwaruza sahani. Data husambazwa kwa vipande kwenye diski zote, hivyo moja ikizorota kinachopotea ni fungu lake tu.

Jumatano, Aprili 5

Dirisha ni la usiku kumi, kuanzia leo hadi Aprili 14, na kati yake zinatakiwa tano. Kila siku, saa chache kabla ya ratiba kuanza, vituo vyote huleta hali ya hewa yao na hali ya mitambo, kisha uamuzi hutolewa: twende au tusubiri. Kusubiri kuna gharama, kwani muda wa ALMA ukishapita haurudi, na kwenda usiku mbaya kunatafuna diski ambazo hazina mbadala mlimani. Leo jibu ni twende.

Ratiba imegawanywa katika vipindi vya kunasa vya dakika 3 hadi 7. Katikati ya vipindi kila darubini ina shughuli zake. Huelekezwa kwenye sayari kama Mshtarii au Zohali, au kwenye kwasari (kitovu angavu cha galaksi ya mbali) yenye nguvu, ili kurekebisha mwelekeo na fokasi. Huwekewa kizuizi chenye joto linalojulikana mbele ya kipokezi ili kupima kelele ya mfumo. Kisha hupima tau, namba inayoeleza anga inafifisha kiasi gani. Kitovu chenyewe hupokezana na kwasari za kulinganishia kama J1733−1304 na J1924−2914, ambazo nguvu zake hazibadiliki kwa dakika.

Usiku huu ALMA inanasa galaksi ya M87, shabaha nyingine ya mtandao, lakini haimo kwenye ratiba ya Sagittarius A*, na pengo hilo lina bei yake. Kelele ya kituo hupimwa kwa janski, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio: kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo kituo kilivyo kikali. ALMA iko kwenye janski 74 hivi, SMT kwenye 17,000, SPT kwenye 19,000. Uwezo wa jozi hutokana na kipeuo cha pili cha zao la namba hizo mbili. Jozi ya ALMA na SPT inapata 1,200 hivi, ilhali ya SMT na SPT inapata 18,000, dhaifu mara 15. Kitovu chote kina nguvu ya janski 2.4 tu kwa wastani, na sehemu inayofika kwenye jozi za mbali ni ndogo kuliko hiyo. Data ya leo inabaki kuwa akiba, na picha haitajengwa juu yake.

Alhamisi, Aprili 6

ALMA imo. Dishi zake 37 hivi za mita 12 zinafanya kazi kama dishi moja la mita 70 na ushei. Kompyuta za hapo hupima tofauti ya awamu (hatua ambayo wimbi limefikia katika mpigo wake) kati ya kila dishi na dishi la rejea, kisha husahihisha kila sekunde chache ili mawimbi yote yajumlike yakiwa sambamba. Upepo wenye unyevu ukipita juu ya uwanda, masahihisho huchelewa nyuma ya anga na jumla hupungua. Kwenye chanzo cha janski 2.4 mfumo una cha kushika. Kwenye chanzo hafifu ungepotea.

Vituo vinavyoshirikiana leo kwenye kitovu ni vyote isipokuwa Hispania. Data ni safi na itatumika.

Ijumaa, Aprili 7

Hii ndiyo siku yenyewe. M87 haimo kwenye ratiba, muda wote umetengewa upande huu wa anga, na vituo vyote vinane vinashiriki. Ni siku pekee ambayo darubini ya Hispania inanasa Sagittarius A*.

Tufuate mzunguko wa Dunia. Kitovu kiko nyuzi 29 kusini mwa ikweta ya mbingu, kwa hiyo ni mali ya watu wa kusini. Dar es Salaam kilipita juu kabisa, nyuzi 68 kutoka upeo wa macho, saa 11 na dakika chache alfajiri, na hakikuwa na darubini ya milimita ya kukipokea popote Afrika. Kisha zamu ya Hispania. Huko hupanda hadi nyuzi 24 tu, karibu saa 1:57 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, ambazo ndizo tunazotumia hapa. Kwa pembe hiyo mawimbi hupita kwenye hewa mara 2.5 zaidi kuliko yangetoka utosini. Tau ikiwa 0.2, kinachofika kwenye dishi ni asilimia 61. Chile wakati wake ni saa 6:13 mchana, kitovu kikiwa nyuzi 84, karibu utosini, na kwa tau ya 0.05 hupoteza asilimia 5 tu. Mexico hufuata saa 8:11, Arizona saa 9:02 alasiri ikiwa nyuzi 28 tu, na Hawaii saa 12:03 jioni.

Hapo pana tatizo la kijiometri ambalo ratiba haiwezi kulitatua. Kitovu kinazama Hispania kabla hakijachomoza Hawaii. Vituo hivyo viwili havikioni pamoja hata dakika moja. Anayefunga pande zote mbili ni Ncha ya Kusini. Pale kitovu hakichomozi wala hakizami: kinazunguka kwenye nyuzi zile zile 29, mchana na usiku, na SPT inaweza kuoanishwa na Hispania asubuhi, Chile mchana, Hawaii jioni. Dishi lake ni la mita 10, na katika kampeni hii ni mita 6 tu za kati zinazotumika, lakini umbali wake kaskazini-kusini hauna mfano. Ndilo linaloupa mtandao ncha ndefu zaidi, zinazoweza kutenganisha vitu vya mikrosekunde za tao 24 hivi.

Kwa nini umbali mwingi tofauti ni lazima? Kila jozi ya darubini hupima kiasi gani cha muundo wa ukubwa fulani kimo kwenye picha, kwa mwelekeo fulani. Duara lenye upana wa mikrosekunde 52 lina alama yake: nguvu hushuka kadiri jozi inavyotengana, hufika karibu sifuri kwenye umbali wa kilomita 4,000 hivi, kisha hupanda tena, halafu hushuka mara ya pili. Dunia inapozunguka, umbali wa kila jozi kama unavyoonekana kutoka kitovuni hubadilika, na jozi moja huchora mstari mzima wa vipimo. Leo mistari hiyo ni mingi na mirefu kuliko siku nyingine yoyote ya kampeni.

Lakini mbinu hii ya kutegemea mzunguko wa Dunia hudhani kwamba kinachotazamwa kimetulia. M87 imetulia: shimo lake ni zito zaidi ya mara elfu, na gesi yake huchukua siku nyingi kuzunguka. Gesi iliyo karibu kabisa na Sagittarius A* humaliza mzunguko kwa dakika 4 hadi 30, kutegemea shimo lenyewe linavyozunguka. Kati ya Hispania asubuhi na Hawaii jioni gesi imekwisha kuzunguka mara nyingi, na mng'ao umepanda na kushuka. Kila kipindi cha dakika chache ni kipande cha picha tofauti. Ugumu wa kitovu chetu ukilinganishwa na M87 umejikusanya hapa, na ndio uliofanya picha yake ichelewe miaka mitatu baada ya ile ya M87.

Tatizo hilo linaongezwa na jingine la upande wa darubini. Chukua LMT: dishi la mita 50, ambalo mwaka huu mita 32.5 tu ndizo zimekamilika kwa kazi hii. Mwale wake, yaani kipande cha anga unachokiona kwa mara moja, una upana wa sekunde za tao 10 hivi. Joto la alfajiri likipindisha muundo wa chuma na mwelekeo ukateleza sekunde 3 tu, asilimia 22 ya nguvu inapotea. Ukitazama data, kushuka huko kunafanana kabisa na chanzo kupungua mng'ao. Chanzo kinabadilika kweli na darubini inateleza kweli, utatofautishaje?

Jibu liko kwenye vituo vilivyo jirani. ALMA na APEX zimetengana kilomita 2.6 hivi, JCMT na SMA mita 160 hivi. Umbali huo ni mfupi mno kuona muundo wowote, kwa hiyo jozi hizo hupima nguvu ya chanzo kizima. Pamoja na mng'ao ambao ALMA na SMA hupima zenyewe dakika kwa dakika, unapatikana mstari unaoonyesha chanzo kilivyopanda na kushuka siku nzima. Data ya kila kituo hugawanywa kwa mstari huo. Mabadiliko ya jumla yanaondoka, yanabaki ya muundo na makosa ya darubini. Kwa LMT husaidia pia jozi yake na SMT, ambayo ni fupi kiasi kwamba kitovu kinaonekana kama doa tu la mikrosekunde 60. Kinachozidi au kupungua hapo huhesabiwa kuwa kosa la LMT na husahihishwa.

Jumamosi na Jumapili, Aprili 8 na 9

Hakuna kunasa. Tarehe 8 kuna radi Mexico, na upepo mkali umeifunga SMT Arizona. Baadhi ya vituo pia vinahitaji kukagua mitambo. Tarehe 9 upepo wa Arizona bado una mashaka na utabiri wa Sierra Negra ni theluji.

Theluji na barafu kwenye dishi ni hatari kuliko wingu. Uso wa dishi la milimita 1.3 unatakiwa kuwa laini kwa makumi ya mikromita, na uzito usio sawa huupinda. Wapiga hesabu wa ratiba huwa na hamu ya kwenda hata na vituo sita, lakini kwa kitovu chetu kukosa Mexico na Arizona kwa pamoja ni kukosa umbali wa kati, na umbali wa kati ndio unaozuia kompyuta kubuni umbo lisilokuwepo. Kusubiri kulikuwa uamuzi sahihi.

Jumatatu, Aprili 10

Twende tena. M87 inapata ALMA, kitovu hakipati. Yaliyosemwa tarehe 5 yanahusu na leo.

Jumanne, Aprili 11

ALMA imerudi kwenye kitovu, na kitovu chenyewe kimechafuka. Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, inaona mlipuko wa eksirei kutoka Sagittarius A*. Baada yake mng'ao wa milimita 1.3 unayumba kuliko siku nyingine. Kwa picha tulivu siku hii haifai, na picha itajengwa kwa data za tarehe 6 na 7, ya 7 ikiwa msingi.

Hata hivyo data yake ina thamani ya namna nyingine. Uchambuzi uliochapishwa 2022 ulitumia ALMA peke yake, bila jozi za mbali, ukafuatilia mkao wa mawimbi baada ya mlipuko. Mkao ulizunguka kwa mpangilio ulioeleweka: doa la gesi moto likizunguka shimo jeusi kwa dakika 70 hivi, kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Dishi za uwanda mmoja, ambazo peke yake haziwezi kuona undani wowote wa duara, zilifuatilia mwendo wa kitu kilicho jirani na ukingo wa shimo. Mtu anayepanga vipimo vya kitovu asidharau mkao wa mawimbi.

Usiku wa tano umetimia, kampeni imefungwa.

Aprili hadi Desemba

Sasa zinasafiri diski. Hakuna intaneti ya mlimani inayoweza kubeba gigabaiti 4 za kila sekunde ya kunasa, kwa hiyo moduli hufungwa kwenye makasha na kupanda ndege. Mikanda miwili inaachana njia: ule wa chini unaenda Haystack, kituo cha MIT huko Massachusetts, na ule wa juu unaenda Bonn, Ujerumani, kwenye Taasisi ya Max Planck ya Astronomia ya Redio. Mgawanyo huu ni kinga pia. Vituo viwili vinachakata mikanda tofauti ya mawimbi yale yale, na kosa la upande mmoja linaonekana majibu yasipolingana.

Makasha ya Chile, Hawaii, Mexico, Arizona na Hispania hufika. Ya Ncha ya Kusini hayawezi. Ndege za mwisho za msimu huondoka huko Februari, na kipupwe kinapoanza joto hushuka chini ya nyuzi −50. Diski zinabaki pale miezi yote ya giza, na bila hizo mtandao hauna ncha ndefu wala kiungo kati ya Hispania na Hawaii. Zinafika Haystack Desemba 13, 2017. Hazichomekwi siku hiyo. Huachwa kwanza zishike joto la chumba.

Haystack na Bonn

Ulinganishaji hufanywa na programu ya DiFX kwenye kompyuta nyingi zilizounganishwa. Kwa kila jozi, data ya kituo kimoja inasogezwa kwa muda ambao wimbi lilichelewa kufika kituo cha pili, kisha zinazidishwa. Uchelewaji hubadilika kila wakati kwa sababu Dunia inazunguka. Kwa jozi iliyotengana kilomita 5,000 mashariki-magharibi, awamu huzunguka zaidi ya mara laki 2 kwa sekunde, na modeli inapaswa kuifuata bila kuteleza. Modeli huingiza nafasi ya kila darubini, mwendo wa Dunia, hewa iliyo juu ya kituo na tofauti za saa zilizoandikwa daftarini.

Ishara isipotokea, utafutaji una mpangilio wake. Kwanza kwasari yenye nguvu, kamwe si kitovu. Kwanza jozi yenye ALMA. Panua dirisha la uchelewaji. Kama hakuna kitu, jaribu kusogeza saa ya kituo kwa sekunde nzima, kwa kuwa kompyuta iliyowashwa vibaya inaweza kuhesabu sekunde moja mbele au nyuma. Kisha jaribu kubadilisha kulia na kushoto, kwa sababu ya lile bamba. Ishara ikipatikana, anga inabaki: hewa huvuruga awamu ndani ya sekunde chache hadi makumi machache, hivyo awamu husahihishwa kwa vipande vifupi kwa kutumia ALMA kama nanga, na ndipo inapowezekana kujumlisha dakika kadhaa bila ishara kujifuta yenyewe.

Kutoka hapo hadi picha ni kazi ya kuuliza ni maumbo gani yanakubaliana na vipimo. Vipimo ni vichache, picha zinazoweza kuvieleza ni nyingi. Maelfu ya picha yalitengenezwa kwa programu na vigezo tofauti, na programu zile zile zilijaribiwa kwanza kwenye data bandia za maumbo yanayojulikana: duara, diski isiyo na tundu, madoa mawili. Picha zilizobaki ziligawanyika makundi manne. Matatu yana duara, yakitofautiana mahali palipong'aa zaidi, na kundi la nne, dogo, halina. Wastani wake ndio uliotangazwa Mei 12, 2022: duara lenye kipenyo cha mikrosekunde za tao 51.8, na kosa la 2.3 juu au chini. Kwa umbali wa kitovu hicho ni karibu kilomita milioni 64. Madoa matatu angavu ndani ya duara yasichukuliwe kama vitu halisi. Huelekea pale jozi zilikokuwa nyingi, na hubadilika ukibadilisha vigezo. Kipenyo ndicho kinachosimama kila mara.

Mtandao umekua tangu hapo, lakini nyongeza nyingi ziko kaskazini. Darubini ya Greenland iliyojiunga 2018 haiwezi kuona kitovu kabisa. Huko hakivuki upeo wa macho. NOEMA ya milima ya Alps nchini Ufaransa, iliyojiunga 2021, hukiona nyuzi 16 tu. Sehemu inayokosekana ni ile asubuhi ya Aprili 7, wakati kitovu kilipokuwa juu ya Afrika na Hispania ikinasa peke yake upande huu wa dunia, kwenye hewa nzito. Mpango wa kujenga darubini ya milimita kwenye mlima Gamsberg nchini Namibia unalenga hapo hapo. Kutoka Namibia kitovu hupanda hadi nyuzi 84 kama Chile, na vituo hivyo viwili vingekiona pamoja kwa saa nane hivi kila siku, vikiwa na bahari ya Atlantiki nzima katikati.